Wajibu Katika Mpira wa Pete

Mpira wa pete hutazamwa na wengi, lakini wanaouelewa ni wachache, na kelele nyingi za watazamaji hutokana na jambo hilo. Mchezo huu ulianzia Uingereza, na sheria zake za kwanza zilichapwa mwaka 1901. Tangu hapo zimebadilishwa mara nyingi, walakini misingi yake imebaki. Kila upande una wachezaji 7. Aliyedaka mpira hana ruhusa ya kukaa nao zaidi ya sekunde 3, wala kukimbia nao. Na amzuiaye hana budi kusimama mbali naye kadiri ya futi 3.

Waamuzi ni wawili. Kila mmoja ana nusu yake ya uwanja, wala haimpasi kutoa hukumu katika nusu ya mwenziwe, hata akiona kosa kwa macho yake, isipokuwa mwenziwe amemwuliza. Ni taabu kubwa kwa mtu mwenye macho makali.

Tena liko jambo gumu kuliko hilo. Tuseme mlinzi amemsukuma mfungaji, lakini mfungaji hakuanguka. Mpira ungali mikononi mwake na pete i karibu. Watazamaji wanapiga kelele, “Filimbi! Filimbi!” Mwamuzi ameona, naye hapulizi. Je, ni kipofu? Sivyo. Akipuliza, mchezo utasimama, walinzi watapata nafasi ya kujipanga, na waliokosa ndio watakaofaidika. Basi huonyesha kwa mkono kwamba ameliona kosa, akauacha mchezo uendelee. Humbidi kuchagua upesi kama kupepesa jicho, na akichagua vibaya, nafasi ile hairudi.

Mchezaji naye ana mzigo wake. Aliyemsukuma mwenziwe, filimbi ikilia, hupewa adhabu isiyofanana na zile za michezo mingi: husimama kando ya yule aliyemkosea, bila kujongea wala kusema neno, mpaka mpira utoke mikononi mwa mwenziwe. Wenzake 6 wanahangaika, naye anatazama tu. Yamkini hakuikubali hukumu ile. Yamkini mwamuzi alikosea kweli, maana ni binadamu. Hata hivyo husimama. Msichana wa miaka 12 aliyeona bao likifungwa karibu naye, asiinue hata mkono, amefanya kazi ngumu kuliko kurusha mpira.

Kusimama hivyo hakufundishwi siku ya mashindano. Ni kazi ya kocha, naye huifanya jioni nyingi kabla ya siku hiyo. Hukagua kucha ziwe fupi, kwa kuwa kucha ndefu huwakwaruza wenzao nyuso. Hufundisha miguu itulie mpira ukisha kudakwa. Na husoma sheria zenyewe, maana wako makocha waliozisikia kwa watu tu, wakawafundisha watoto makosa ya miaka mingi.

Zaidi ya hayo, wachezaji humtazama yeye. Filimbi inapolia, kabla hawajamtazama mwamuzi, macho yao hugeukia ukingo wa uwanja pale aliposimama kocha. Akitupa kofia chini, watoto nao wataanza kubisha. Akitulia, aliyekosa husogea mahali pake pa adhabu, hushusha mikono yake, akangoja mpira urushwe.