Daftari na Kura

Mtu wa Mkange, kaskazini ya mto Wami, hana haja ya kuelezwa busha ni nini. Mwambao wote unalijua, na watani hulifanyia mzaha ambao mwenye nalo huuchekea mbele za watu, kisha akapunguza kwenda shambani na barazani. Minyoo iletayo maradhi haya huenezwa na mbu. Dawa ya kuyazuia ilianza kugawiwa kwa umma kisiwani Mafia mwaka 2000, lakini mfuko uliokwisha kujaa maji hutaka kisu.

Wapasuaji wana njia mbili: kuupindua utando wa mfuko kama mtu apinduavyo mfuko wa kanzu, au kuukata na kuuondoa. Ipi huzuia maji yasirudi? Jibu la kuaminika hupatikana kwa kura, yaani wagonjwa waliotoa idhini wagawanywe kwa bahati, kisha wahesabiwe. Kazi hiyo ni ghali, kwa kuwa kila jaribio huajiri waandishi wake na kuwafuata watu wake.

Waswidi walipata njia nafuu. Daftari lao la wagonjwa wa moyo lilikuwa likimwandika kila mtu. Wakaitia kura ndani yake. Walitaka kujua kama kufyonza damu iliyoganda katika mshipa wa moyo huokoa maisha. Watu 7,244 walishiriki, na mwaka 2013 jibu likatoka kwamba vifo vya siku 30 havikupungua. Gharama ilikuwa dola 300,000 hivi, fedha ndogo sana kwa kazi kama ile. Lakini daftari lenyewe lilikwisha kulipiwa zamani, na kila Mswidi ana namba imfuatayo mpaka kaburini.

Daftari la chumba cha upasuaji huku kwetu mara nyingi huandika jina, umri, kijiji na tarehe, likanyamaza siku mgonjwa atokapo. Juma Salumu wa leo kesho huandikwa Salumu Juma. Maji yakimrudia baada ya mwaka, huona haya, akaenda kwa mganga mwingine au akakaa kimya. Na kimya chake huhesabiwa kuwa kupona. Kura itakayotiwa katika daftari la namna hiyo itaisifu njia mbaya sawasawa na njema.

Anayeweza kumtafuta Juma yuko kijijini: ni yule mgawa dawa apitaye nyumba kwa nyumba na kitabu chake, ambaye hospitali haijamuuliza neno.