Mchanga wa Mkuju na Amana Iliyomo Ndani Yake

Msafiri atokaye Songea kwenda Tunduru hupita Namtumbo. Akiiacha barabara hiyo na kushika njia ya kaskazini, huingia katika nchi ya miombo, yenye vijiji vichache, mpaka afike upande wa Mto Mkuju. Kwa macho haoni ila miti, nyasi na mchanga. Lakini chini ya ardhi hiyo imo urani, madini yatumikayo kuendesha mitambo ya umeme wa nyuklia. Je, yamefikaje hapa, na kwa nini yakae katika jiwe la mchanga?

Jawabu halimo katika mto wa leo, bali katika mito iliyokufa zamani. Wataalamu wa miamba huyaita matabaka ya nchi hii Karoo, kwa jina la eneo lililoko Afrika Kusini. Yalianza kuwekwa yapata miaka milioni 300 iliyopita, wakati Afrika ilipokuwa bado imeshikana na Amerika ya Kusini na Bara Hindi. Ardhi ilididimia, na mito ikapita mabondeni ikibeba mchanga na tope. Mafuriko yaling'oa miti na majani, na mchanga ukavifukia. Mahali pengine mimea ilirundikana hata ikawa makaa ya mawe. Makaa ya Ngaka, huko Mbinga, ni ya zama hizo za Karoo.

Ama urani, asili yake ni graniti na mawe mengine ya kale, ambamo imo kidogo kidogo sana. Maji ya mvua yenye oksijeni yapitapo katika mawe hayo huiyeyusha na kuichukua, kama yachukuavyo chumvi. Kisha huzama ardhini na kutembea polepole ndani ya mchanga, kwani baina ya chembe zake mna nafasi. Tope lililogeuka jiwe, juu na chini ya mchanga huo, huyaongoza kama kingo za mfereji. Yafikapo penye mimea iliyooza, oksijeni yake huishia hapo. Nayo urani, isiweze tena kubaki katika maji, hugandamana na chembe za mchanga. Tone moja haliachi kitu, lakini matone ya maelfu na maelfu ya miaka huacha hazina.

Ndiyo sababu mtafutaji mwenye elimu huutafuta kwanza mto wa kale: ulipinda wapi, mchanga wake ulitanda wapi, na mimea ilizikwa wapi. Rangi humsaidia. Mara nyingi mchanga mwekundu huonyesha kwamba oksijeni ilipita, na wa kijivu kwamba haikufika. Zikutanapo rangi hizo mbili, hapo hupima kwa makini.

Lakini, ndugu msomaji, liko jambo la kuzingatia. Mchanga ulioipa urani njia ya kuingia ndio uwezao kuyapa maji njia hata leo. Tukiufukua na kuingiza hewa, urani iliyotulia yaweza kuyeyuka tena na kusafiri. Maji ya upande huu huelekea bonde la Rufiji, ambako watu hulima na kuvua samaki. Mwaka 2012 Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO ilikubali mpaka wa Pori la Akiba la Selous urekebishwe, ili eneo la mgodi liwe nje ya urithi huo. Julai 2025 kiwanda cha majaribio kilizinduliwa. Mpaka wa ramani umehama. Maji hayasomi ramani.

Hatusemi kwamba hazina iachwe wala kwamba ichimbwe ovyo. Twasema kwamba hazina na maji ni amana mbili zilizowekwa katika chombo kimoja, wala si haki kuichukua moja kwa kuiharibu nyingine. Visima na mito vipimwe kabla ya kuchimba, wakati wa kuchimba, na miaka mingi baadaye, kwa kuwa mabaki ya urani hubaki na mionzi kwa muda upitao umri wa vizazi vingi. Na wapimaji wawe watoto wetu wenyewe. Kijana apendaye nchi yake na asome kemia na elimu ya miamba, ili siku atakapoulizwa na wazee wa kijiji kama maji yanyweka, ajibu kwa ujuzi, si kwa kukisia.