Mgomba Uleule

Kwenye kibanja chetu cha Kaagya kuna shina la Enshakara ambalo bibi humsimulia kila mgeni: alilikuta alipoolewa. Nilipobisha kwamba mgomba hauishi miaka sitini, alicheka. "Ni uleule wa mama mkwe wangu. Unazaa, unakatwa, mtoto wake anasimama."

Masomo ya uzamili yamenilazimisha kumpa haki yake. Ndizi zetu za kupika zina seti tatu za kromosomu, 33 kwa jumla, na hazitoi mbegu. Kila chipukizi ni nakala. Kabla seli haijagawanyika, DNA yake lazima ifunguliwe. Kazi hiyo ni ya kimeng'enya kiitwacho helikasi: pete ya protini sita inayovaa uzi mmoja na kusonga mbele kwa nishati ya ATP, ikiutenga na mwenzake. Chukua kamba ya mgomba iliyosokotwa, ushikize ncha moja, kisha utenganishe nyuzi kuanzia ncha ya pili. Mbele ya vidole vyako kamba inajikaza mpaka inagoma. Ndani ya seli kuna topoisomerasi inayotangulia, inakata, inaacha msokoto ulegee, inaunga tena. (Mimi huyu ndiye nimpendaye, helikasi amechukua sifa zote.) Nyuma yao polimerasi hujenga uzi mpya juu ya kila uzi wa zamani.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba ndizi hizi za nyanda za juu za Afrika Mashariki, pamoja na majina yake yote, Enshakara, Entobe, Enchoncho, zinaelekea kuwa zimetokana na mgomba mmoja wa kale. Bibi alikosea kwa kupunguza tu.

Mnyauko ulitambuliwa Uganda mwaka 2001, na miaka michache baadaye ukawa kwetu Kagera. Udhaifu wa mgomba mmoja ukawa udhaifu wa vibanja vyote. Hakuna hata aina moja kati ya hizo yenye kinga. Bakteria wake naye ana helikasi yake, tena ana haraka. Mwaka jana tuling'oa mashina manne. Sasa panga hupitishwa motoni kabla ya kuhama shina, na ua dume huvunjwa kwa mti wenye panda.

Juzi bibi alipiga simu kuuliza kuhusu TARIBAN, ndizi chotara zilizoidhinishwa mwaka 2021. Nilimwambia ukweli: zilitafutiwa nguvu dhidi ya madoa meusi ya majani, mnyauko bado. Akanyamaza kidogo.

"Na hiyo ni mtoto wa nani?"

Nikamwambia bibi yake ni wa kwetu, babu yake ni mgomba pori wa Asia.

"Basi niletee mmoja," akasema. "Nitaupanda mbali na huu."