Fimbo Haifundishi Kusema

Katika mtaa wetu wa Gudele, hapa Juba, mtoto msumbufu ana dawa moja: fimbo. Mpwa wangu ana miaka sita, hajatamka neno, na jenereta ya jirani ikiwashwa hupiga mayowe na kujipiga kichwa. Wapo wasemao ana mapepo, wapo wasemao amedekezwa. Wote humshauri dada yangu amchape.

Ana usonji. Wanaofundisha watoto wa namna hii hutuambia kwamba kila tabia ina jambo linaloitangulia na jambo linaloifuata. Kwa mpwa wangu, kinachotangulia ni mngurumo. Kinachofuata ni kupelekwa chumba cha nyuma, mahali palipo kimya. Basi mayowe yale ni maombi: niondoeni hapa. Ukimchapa, umemnyang'anya lugha pekee aliyo nayo, wala hukumpa nyingine.

Dada yangu alimpa nyingine. Jenereta ikiwaka tu, kabla ya mayowe, alimshika mkono akaugusisha sikio, akampeleka chumbani papo hapo na kumsifu kwa Kiarabu cha Juba, neno moja moja. Baada ya majuma kadhaa mtoto alianza kugusa sikio mwenyewe. Mayowe hayajaisha, lakini yamepungua.

Tusidhani kwamba fimbo ni ujinga wa Juba peke yake. Mwaka 1987, huko Marekani, Ivar Lovaas alitangaza matokeo ya kuwafundisha watoto wenye usonji kwa saa 40 kwa wiki, na katika mafunzo yale watoto walipigwa kofi la paja. Wataalamu wengi wameiacha njia hiyo. Nasi tunaweza kuiacha.

Saa 40 za mtaalamu hatuna. Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya walezi: vikao tisa vya pamoja na ziara tatu za nyumbani, na anayefundisha si lazima awe daktari. Yamejaribiwa Ethiopia na Kenya, majirani zetu. Kinachohitajika ni kivuli cha mwembe, viti vya plastiki, na mtu aliyefunzwa anayejua lugha ya akina mama hao.

Sisi tunaosoma Kiswahili tunajua jinsi ilivyo kazi kupata neno katika lugha ngeni. Hakuna mwalimu aliyetuchapa kwa kulikosa. Mtoto mwenye usonji naye anastahili subira hiyohiyo.