Dole gumba si nyundo

Jamani leo siasa tuziweke pembeni kidogo. Nataka kuandika kuhusu dole gumba. Ndiyo, dole gumba!

Nina rafiki yangu anafanya kazi ya masaji maeneo ya Sinza hapa Dar. Kabla hujaanza kumkonyeza jirani yako wa ofisini, nasema masaji ya kweli, ile ya misuli. (Hii tabia yetu ya kusikia neno masaji na kuanza kutabasamu ni sababu mojawapo ya hawa watu kutoulizwa kazi yao inawaumiza wapi.) Majuzi tulikaa kula, nikaona binti wa Tanga anakula ugali kwa kijiko. Kulikoni dada? Akaniambia dole gumba la kulia haliwezi tena kumega tonge. Kushika bomba la daladala nako shida, na kufungua kifuniko cha chupa ndiyo usiseme. Ana miaka 27.

Nikaenda kusoma. Dole gumba limekaa juu ya kiungo kidogo sana pale chini karibu na kifundo cha mkono, na kiungo hicho ndicho kinachobeba mzigo wote. Mwaka 1977 watafiti wawili, Cooney na Chao, walikokotoa kwamba ukibana kitu kwa ncha ya dole gumba kwa nguvu ya kilo 1 tu, pale kwenye kiungo cha chini mzigo unafika kama kilo 12. Kubana na kubonyeza si kitu kimoja, nakubali, lakini picha unaipata. Sasa fikiria mtu anabonyeza mabega ya wateja watano kwa siku, na kila mmoja anamwambia "dada, ongeza nguvu."

Halafu kuna kano zinazopita pembeni ya kifundo upande wa dole gumba. Zikichoshwa, njia yake inavimba na kuuma. Fritz de Quervain, daktari wa Uswisi, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1895, kwa hiyo si kitu kipya hata kidogo. Kipya ni kwamba rafiki yangu alifundishwa kazi yake kwa wiki chache, akaonyeshwa mafuta, akaonyeshwa taulo, akaonyeshwa namna ya kumkaribisha mteja, lakini mwili wake mwenyewe hakuna aliyeutaja.

Ajabu ni kwamba dawa yenyewe mabibi zetu wanaijua bila kwenda chuo. Umewahi kumtazama mwanamke anayejua kutwanga? Hashindani na mchi. Anaupandisha, kisha anauachia ushuke kwa uzito wake, kiuno kinafuata. Anayejifunza ndiye anayeukaba mchi hadi viganja vinatoa malengelenge. Masaji ni hivyo hivyo. Nguvu inatakiwa itoke miguuni: mguu mmoja mbele, mwingine nyuma, mgongo umenyooka, kisha unaegemea taratibu. Uzito wa mwili ndio unaobonyeza, mkono unapitisha tu. Ukiona mkandaji amesimama miguu pamoja, kainama kama anayefua, huku mabega yamepanda masikioni, huyo anatumia misuli ya mikono peke yake, na kiuno kitamdai jioni.

Lakini huwezi kuegemea kama kitanda kipo juu. Hapa ndipo nilipochoka kabisa! Vitanda vingi vinachongwa na fundi seremala kwa kimo kimoja, wakati wafanyakazi ni wafupi na warefu. Kipimo wanachotumia wengi ni rahisi: simama pembeni ya kitanda, mikono ining'inie, kunja ngumi. Vifundo vya vidole viguse godoro kidogo tu. Mteja akiwa mnene, au kazi ikihitaji mkandamizo mkubwa, kitanda kishuke zaidi. Kama hakishuki, mfupi apandie ubao mpana usiotikisika. Tatizo la mrefu linamalizwa na fundi yule yule.

Jambo la pili ni kuliachisha dole gumba kazi isiyo yake. Mgongo mpana unaanzwa kwa kiganja, halafu kigasha, yaani ule mkono kati ya kiwiko na kifundo. Kiwiko kinaweza kwenda ndani zaidi, ila polepole, maana hakihisi kama kidole, na kisipite juu ya uti wa mgongo. Dole gumba libaki kwa sehemu ndogo ndogo, likiwa limenyooka sawa na mkono, lisipinde kurudi nyuma.

Wateja nao wana lao. Rafiki yangu alipojaribu kigasha, mama mmoja akalalamika kwa bosi kwamba dada "anakwepa kazi, hatumii vidole." Ndugu msomaji, siku ukikandwa kwa kigasha, tulia. Hujaibiwa.

Na ganzi ya usiku kwenye dole gumba, cha shahada na cha kati isichukuliwe kuwa ni uchovu tu. Mara nyingi ni neva inayobanwa pale kifundoni, aende hospitali mapema. Kwenda hospitali ni kupoteza siku, lakini, na wengi kwenye kazi hii wanalipwa kwa kichwa: hakuna mteja, hakuna hela. Tanzania Bara tuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008, kwa ajili ya waajiriwa wanaoumia au kuugua kwa sababu ya kazi. Nilimuuliza rafiki yangu kama amewahi kuusikia. Akacheka, akaniuliza atapeleka karatasi gani, wakati hana hata moja inayoonyesha kwamba ameajiriwa pale.