Mpanda Ngazi Hushuka

Msomaji mwema, ikiwa umepata kufika katika milima ya Taita, bila shaka waijua barabara itokayo Mwatate kwenda Wundanyi. Hupanda ikijipinda kama nyoka, na wenye baisikeli wengi hulazimika kushuka na kuzisukuma. Nilipokuwa na umri wa miaka kumi na mitano, mimi sikushuka. Nilikuwa mwembamba, tena mwepesi, na wavulana wenzangu walisimama kando ya njia kunishangilia. Sifa zile zilinilewesha.

Sikujua wakati huo kwamba wako watu ulimwenguni ambao sifa na riziki yao vyote hutokana na kupanda milima kwa baisikeli. Mmoja wao nilimjua baadaye, nilipokuwa mwanafunzi katika chuo cha ualimu, kwa kusoma habari zake maktabani. Jina lake Federico Bahamontes, Mhispania aliyezaliwa mwaka 1928 katika jimbo la Toledo. Alikuwa mtoto wa maskini, na katika ujana wake alichukua matunda na mboga kwa baisikeli ili apate chakula. Miguu iliyozoea mizigo haikuona tabu kupanda mlima bila mzigo. Watu wakamwita Tai wa Toledo.

Katika mashindano ya Tour de France, ambayo huchukua majuma matatu, yafaa tutofautishe ushindi wa namna mbili. Mfalme wa Milima ni yule apataye alama nyingi kwa kutangulia kufika vileleni. Lakini mshindi wa mashindano yote ni yule ambaye saa zake, za kupanda, za kushuka na za tambarare, zikijumlishwa huwa chache kuliko za wenzake wote.

Bahamontes aliupata ufalme huo mwaka 1954, mara yake ya kwanza kushindana huko. Walakini alikuwa na udhaifu mmoja: aliogopa kuteremka. Siku moja mwaka ule alifika kileleni mbele ya wenzake, akasimama, akala aiskrimu huku akingoja. Watu walicheka sana. Mwenyewe alieleza kwamba spoki za gurudumu lake zilikuwa zimevunjika, naye alikuwa akingojea gari la timu yake. Hata hivyo, ilijulikana kwamba dakika alizozichuma akipanda, alizipoteza akishuka.

Mwaka 1959 alijiunga na timu ya Fausto Coppi, bingwa mashuhuri wa Italia. Coppi alimshauri asiridhike na vilele tu, kwani aliweza kushinda mashindano yote. Bahamontes alikubali. Alishinda siku ile ya kupanda Puy de Dôme, kila mtu akishindana na saa peke yake. Lakini safari hii alijitahidi pia kuilinda akiba yake ya dakika mabondeni na tambarare. Alifika Paris akiwa mshindi kwa dakika nne na kidogo, Mhispania wa kwanza kuyashinda mashindano hayo. Kwa jumla alikuwa Mfalme wa Milima mara sita, mara ya mwisho mwaka 1964. Alipoacha mbio alikuwa na duka la baisikeli mjini Toledo, na alifariki mwaka 2023, mwenye umri wa miaka 95.

Niliposoma habari zake, nilikumbuka asubuhi moja ambayo ningependa kuisahau. Mama alinikabidhi tenga la nyanya nilipeleke sokoni Mwatate. Fedha za nyanya zile ndizo zilizokuwa karo yangu. Raba za breki zilikuwa zimelika, nami nilijua. Lakini nilijiambia kwamba kuteremka si kazi. Baisikeli hujiendea yenyewe. Katika kona ya tatu breki zilikataa. Nilijikuta mtaroni, mkono umeteguka, na nyanya zimetapakaa barabarani.

Jirani alimwita mama, akaja kwa miguu. Hakunigombeza. Aliinama, akaziokota zile zilizosalimika, moja moja, akizifuta kwa leso yake. Hazikujaa hata nusu ya tenga. Muhula ule niliumaliza nyumbani, nikipalilia shamba, huku wenzangu wakipita na vitabu vyao. Kimya cha mama kiliniuma kuliko mkono.

Bahamontes alikuogopa kushuka, mimi nilikudharau. Naona yeye alikuwa na hekima kunishinda, kwa maana aogopaye huweka mkono katika breki, na adharauye hana habari kama breki zipo.

Nawe, msomaji, una mlima wako. Pengine ni hesabu, pengine ni mbio, pengine ni sauti nzuri ya kuimba, na watu hukupigia makofi. Furahi, si vibaya. Lakini jiulize ni sehemu gani ya njia yako isiyopigiwa makofi na mtu, kisha ukaitazame hiyo kwanza. Hakuna aliyepata kunishangilia nikiteremka, ndiyo maana sikujifunza kuteremka.

Wahenga walisema: mpanda ngazi hushuka. Nami nimejifunza kuongeza neno moja: mara nyingi hushuka amechukua mzigo wa mtu mwingine.