Punda wa Sidmouth na Punda wa Amu

Mwenye nia ya kumwokoa punda mmoja, akiwa Uingereza au akiwa Amu, kwetu pwani ya Kenya, yampasa kwanza afanye hesabu ya umri, kwa kuwa mnyama huyu akitunzwa vyema huweza kuishi miaka 30 na kuzidi, na katika muda wote huo hataulizia kama wafadhili wamechoka wala kama thamani ya fedha imeshuka. Atataka majani makavu kila siku, na maji safi kila siku, na fundi wa kumchonga kwato kila baada ya majuma machache, na dawa ya minyoo, na mtu wa kumtazama meno, na zaidi ya hayo yote atataka mwenziwe wa kusimama naye, maana punda aliyetengwa na sahibu yake huweza kususia chakula, na akisusia chakula mafuta ya mwili wake hufurika katika damu, na aghalabu hufa.

Naitanguliza hesabu hii kwa sababu ndiyo iletayo tofauti baina ya makao ya wanyama na kazi nyingi nyingine za ihsani. Msikiti ukishajengwa umesimama, na kisima kikishachimbwa kimechimbwa, ijapokuwa navyo vyataka matengenezo. Bali punda aliyeokolewa Jumatatu atakula Jumanne, na hapana siku ambayo mwenye makao ataweza kufunga daftari lake na kusema kwamba kazi imekwisha. Na katika jambo hili, baada ya kukaa ugenini huku Uingereza muda wa kutosha, na kusaidia siku za mapumziko katika makao madogo ya punda ambapo nimebeba mabua ya shayiri na kuandika barua za shukrani kwa kiasi kimoja, nimefikia rai ambayo wenzangu wa pwani huenda wasiipende: kwamba sisi hatukupungukiwa na huruma hata kidogo, tulichopungukiwa ni namna ya kuifanya huruma idumu, na la ajabu ni kwamba namna hiyo tulikuwa nayo tangu kale, tukaiacha misikitini na makaburini.

Katika jimbo la Devon, karibu na mji wa Sidmouth ulio ukingoni mwa bahari, yapo makao makubwa yajulikanayo kwa jina la The Donkey Sanctuary, ambayo chanzo chake ni bibi mmoja mwenye hoteli, Elisabeth Svendsen, aliyemnunua punda wake wa kwanza mwaka 1969, na ambaye, alipowaona punda wa mnada wa Exeter walivyosongamana kizimbani katika hali ya kusikitisha, alianza kuwakusanya mmoja mmoja. Huenda angebaki hivyo, bibi wa hoteli mwenye punda wengi kuliko majirani walivyopenda, lau si kwamba mwaka 1974 bibi mwingine, Violet Philpin, aliyekuwa na makao yake karibu na mji wa Reading, alifariki dunia na katika wasia wake akamwachia punda 204. Fikiri, ewe msomaji, mtu apokee habari za mirathi, naye akitaraji labda pete au kabati la vitabu, aambiwe kuwa amerithishwa vinywa 204 vyenye njaa! Hapo ndipo ilipomlazimu awe, si mpenda wanyama tu, bali mtu wa mahesabu, na nadhani kufaulu kwake kote kulitokana na kwamba kuendesha hoteli kulikwisha kumfundisha lile ambalo mapenzi peke yake hayafundishi.

Wala tusidhani kwamba Waingereza walizaliwa na elimu hiyo. Jumuiya yao ya kwanza ya kuwatetea wanyama, ile ambayo leo yaitwa RSPCA, iliundwa mwaka 1824 katika mkahawa mmoja wa London, na haikupita miaka miwili katibu wake, kasisi Arthur Broome, alitiwa gerezani kwa sababu ya madeni ya jumuiya. Mtu mwema, aliyeacha kazi ya kanisa kwa ajili ya ng'ombe na farasi, akafungwa kwa kuwa matumizi yaliyapita mapato. Kila niwasikiapo watu wa kwetu wakisema kwamba wazungu wana desturi ya kupanga mambo tangu enzi na enzi, humkumbuka kasisi huyu.

Sasa, fedha zatoka wapi? Anayeingia Sidmouth halipi kiingilio. Atapita bandani na malishoni, atasoma majina ya punda, na atakuta pia majina ya watu yaliyowekwa kwa ukumbusho wao, na hapo kama ana macho atafahamu, kwa sababu sehemu iliyo kubwa ya mapato ya makao hayo haitoki kwa walio hai. Yatoka kwa maiti. Mabibi na mabwana walioishi kimya katika nyumba zao, wengine bila watoto, wameandika kwa wakili kwamba watakapofariki fungu fulani, au nyumba nzima, iende kwa punda. Na serikali yenyewe huwatia hamu, kwani mali iliyousiwa kwa ihsani haitozwi kodi ya mirathi, na atoaye sehemu ya kumi ya mali yake kwa njia hiyo, iliyobaki hutozwa asilimia 36 badala ya 40.

Sheria yao katika jambo hili yamstaajabisha sana mtu aliyelelewa katika ilimu ya faraidhi. Mama mmoja aliyefariki mwaka 2004, aliyekuwa amehasimiana na binti yake wa pekee tangu binti alipoondoka nyumbani na miaka 17 kumfuata kijana aliyempenda, aliacha mali ya takriban pauni 486,000, na karibu yote akaiusia kwa jumuiya tatu za wanyama na ndege: Blue Cross, RSPCA na RSPB. Binti, ambaye maisha yake yalikuwa ya dhiki, alishtaki. Kesi ikapanda na kushuka kwa takriban miaka kumi, hakimu mmoja akimpa pauni 50,000, mahakama ya rufani ikimwongezea kiasi cha kumwezesha kununua nyumba, mpaka mwezi wa Machi 2017 Mahakama ya Juu ikairejesha hukumu ya kwanza, na baki ikaenda kwa wanyama. Kwetu kadhi asingetaabika nayo hata asubuhi moja: binti ana fungu lake ambalo mama hana mamlaka ya kulinyima, na wasia hauvuki thuluthi. Mimi naona kwamba sheria yetu ndiyo yenye insafu zaidi. Lakini papo hapo yanijia swali lisilonipa raha, nalo ni kwamba hiyo thuluthi, tuliyoruhusiwa, na ambayo hakuna binti wa kuishtakia, sisi twaifanyia nini?

Mbali na wasia kuna michango midogo ya kila mwezi, ambayo benki huikata yenyewe bila ya mtu kukumbushwa, na kwa kila pauni ya mlipa kodi serikali huongeza peni 25. Kuna maduka ya kuuza nguo kuukuu na vikombe, yanayosamehewa asilimia 80 ya kodi ya majengo ya biashara. Na kuna utaratibu wa kumfanya mtu awe mlezi wa punda mmoja aliyetajwa kwa jina, akapelekewa picha yake na habari zake. Huu wa mwisho una mchezo ndani yake, na sitaki kuuficha. Wanaochaguliwa kulelewa ni wale wapole wenye sura ya kupendeza, na fedha aghalabu huingia katika mfuko wa wote, ili yule mzee mwenye jicho moja, aumaye, ambaye hapana mtoto atakayetundika picha yake ukutani, naye apate shayiri yake. Ni hila, walakini ni hila njema, na mwenye makao asiyeijua hatafika mwaka wa tatu.

Ama kwetu, punda si mstaafu. Punda ni mwajiriwa. Katika mji wa Amu, ambao vichochoro vyake havikujengwa kwa ajili ya gari, yeye ndiye achukuaye mchanga na saruji na mawe na mitungi ya gesi, akiwa na shogi mgongoni na mtoto nyuma yake akipiga kelele za kuomba njia, na nyumba zile ambazo UNESCO iliziandika mwaka 2001 katika urathi wa ulimwengu hazikusimama wala hazitengenezwi bila ya mgongo wake. Bibi Svendsen alifika huko, na mwaka 1987 ikafunguliwa hospitali ya punda mbele ya bahari, inayotibu bila ya malipo: vidonda vya kamba na matandiko mabaya, minyoo, na lile tumbo linalowaua wengi, ambalo sababu yake ni takataka za plastiki waokotazo majaani. Hapa ndipo ninapowapa watu wa Amu haki yao, kwani makao ya Sidmouth humwokoa mnyama kwa kumwondoa kwa mwenyewe, ilhali hospitali ya Amu humwokoa kwa kumrudisha kwa mwenyewe akiwa mzima, na pamoja naye ikamfunza mwenyewe kufunga hatamu ya kitambaa badala ya kamba ya nailoni. Na hata mashindano yakawekwa ya kumtuza aliye na punda mwenye siha bora, mambo ambayo kwa mtu wa Amu, apendaye sifa kama sisi sote, yana nguvu kuliko khutuba kumi.

Bali dawa zile zilinunuliwa na nani? Na wale mabibi na mabwana wa Uingereza waliokufa wakausia. Kizazi kizima cha wenye punda kimekua kikijua kwamba tiba ya punda ni kitu kijacho kwa meli, na mtu akizoea kuletewa rehema kutoka ng'ambo, hata kwa mnyama amlishaye yeye na watoto wake, huacha kuihesabu kuwa ni shughuli yake. Hatari ya hayo ilionekana bara. Kuanzia mwaka 2016 Kenya iliruhusu machinjio ya punda, yakawa manne, ngozi zikipelekwa Uchina kutengenezwa dawa iitwayo ejiao, na punda wakawa wakiibiwa usiku mabomani hata mchuuzi wa maji akiamka akakuta kichwa na kwato tu. Wenye punda walilalamika, na jumuiya za kigeni zikawabebea sauti, hata mwezi wa Februari 2020 waziri wa kilimo, Peter Munya, akaamuru machinjio yafungwe. Mwaka uliofuata mahakama ikaibatilisha amri yake. Na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakakubaliana kuipiga marufuku biashara hiyo barani kote. Ni ushindi, sikatai, ila nilisikitika kuona kwamba katika mji kama wa kwetu, ambao hauwezi kukaa juma moja bila ya punda, hapakuwa na mfuko hata wa kumpeleka mjumbe mmoja Nairobi.

Na msiniambie kwamba hatuna. Mji ambao kwa harusi moja huchanga mbuzi, mchele, na kodi ya viti kabla ya jua kutua, na ambao mgonjwa wake akitakiwa kupelekwa India huchangiwa kwa simu na watu wa Maskati, Toronto na Leicester, si mji wa bakhili. Tatizo ni kwamba mchango wetu hungojea tukio, na ukishapita mkasa, umepita. Nao punda hana harusi. Kila mtoto wa chuoni amesomeshwa kisa cha mtu aliyeshuka kisimani kumnywesha mbwa mwenye kiu akasamehewa dhambi zake, na cha mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula, kwa hiyo hapahitajiwi mawaidha. Kihitajiwacho ni kodi ya duka. Wakfu, ule tuliouacha misikitini na makaburini, ndio jawabu. Chumba kimoja cha biashara karibu na soko, kikafungwa kisiuzwe wala kisirithiwe, na kodi yake ya kila mwezi ikanunua dawa ya minyoo na bendeji, ni kitu kile kile wanachojivunia Sidmouth, isipokuwa hakihitaji picha wala barua ya shukrani.

Najua kwamba ataondoka mwanachuoni mmoja anikumbushe yaliyomo katika Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu kilichotegemewa na makadhi wetu, ya kuwa wakfu uliowekwa kwa mnyama mwenyewe haufai, na kwamba wako waliosema huwa ni wa yule anayemmiliki. Basi na uwekwe kwa ajili ya matibabu ya wanyama wa kazi wa mafukara wa Amu, na mzozo uishe. Kenya ina tume yake ya wakfu huko Mombasa, na hati kama hiyo si jambo geni kwao.

Nilimpigia simu ami yangu, mwenye punda na mwenye maneno, nikamweleza yote haya kwa urefu kama nilivyoyaeleza hapa. Alinisikiliza, kisha akasema, "Mwanangu, punda tunao, na chumba tutakipata. Niambie mutawali ni nani. Ukimweka tajiri, atasahau punda. Ukimweka mwenye punda, atasahau wa wenziwe." Nikamjibu kwamba wawe watatu, mmoja achaguliwe na wenye punda, mmoja awe daktari wa mifugo, na mmoja awe mama wa sokoni ajuaye bei za vitu, na kwamba hesabu isomwe hadharani kila mwaka baada ya sala ya Ijumaa, kama vile huku jumuiya za ihsani zilivyolazimishwa kuzitangaza hesabu zao kwa kila atakaye kuzisoma. Akanyamaza kidogo, akasema kwamba yeye ana ghala moja karibu na gati ambalo angeweza kulitoa, ila aliyelipanga, muuza saruji, hajalipa kodi tangu Ramadhani, na kabla ya kulifanya wakfu ingefaa kwanza kijana aliyesoma Ulaya aje amdai.